Mwindaji wa Gobore Abebe Nini, na Akibebe Wapi?

Risasi ya duara ya gobore lenye kasiba, yaani bomba la bunduki, ya upana wa nusu inchi ina uzito wa gramu 11 na nusu hivi. Baruti ya kuisukuma, kwa kipimo cha kawaida cha kuwindia, ni gramu 5 au 6. Jumlisha risasi na baruti za mifyatuo kumi, hupati hata gramu 180. Pamoja na hayo, wawindaji wengi wa gobore hurudi jioni wakisugua bega na shingo, na ukiwauliza watakwambia silaha hii ina mizigo mingi. Anayeanza huongezewa hofu zaidi: kila anayemuuliza humtajia vifaa vyake, na orodha hazifanani. Huyu anasema pembe mbili za baruti, yule anasema moja. Huyu anaapa kwa mkoba, yule kwa mifuko ya koti.

Nadhani mkanganyiko huu unatokana na jambo moja: watu hutaja vifaa bila kutaja kazi yake na wakati wake. Kwa hiyo tuanze na kazi yenyewe.

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomo wa kasiba. Haipokei risasi iliyokwisha kufungwa ndani ya ganda. Mwindaji huujenga kila mfyatuo kwa mkono wake. Kwanza hupima baruti na kuimimina kasibani. Kisha huweka risasi, ambayo kwa kawaida huvikwa kitambaa chembamba kilichopakwa mafuta ili ibane kwenye kuta za kasiba. Halafu huisukuma kwa mdeki, ile fimbo ndefu inayokaa chini ya kasiba, mpaka itue juu ya baruti bila kuacha nafasi. Mwisho huweka kiwashio. Kwenye gobore la gumegume, kiwashio ni baruti laini kidogo inayotiwa kwenye kisahani kilicho ubavuni mwa kasiba. Jiwe likipiga chuma, cheche huangukia hapo. Kwenye gobore la fataki ni kikofia cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa, nacho huvikwa juu ya chuchu ya chuma. Yako pia magobore ya kisasa yanayotumia kiwashio kilekile cha maganda ya bunduki ya marisau, kikiwa kimefichwa nyuma ya kasiba ambako mvua haifiki kwa urahisi.

Hatua nne, na kila hatua ina vyombo vyake. Baruti inataka pembe na kipimo. Risasi inataka kitambaa, mafuta, pengine kisu cha kukatia kitambaa na kijiti kifupi cha kuianzishia mdomoni mwa kasiba. Kiwashio kinataka kikopo chake au pembe yake ndogo. Kisha kuna vya dharura: skrubu ya kung'olea risasi, sindano ya kuzibulia tundu la moto (kile kitundu kinachopitisha moto wa kiwashio hadi kwenye baruti ya kasibani), ufunguo wa chuchu, jiwe la akiba. Kisha vya usafi: dawa ya kuoshea, matambara, brashi, mafuta ya kuzuia kutu. Kila kimoja kina maana. Kosa ni kuvitia vyote katika mkoba mmoja na kuutundika begani tangu alfajiri.

Mwindaji afanye kama fundi cherehani: futi huivaa shingoni, chaki na makasi huviweka mezani karibu na mkono, na marobota ya kitambaa hukaa rafuni. Kinachotumika sasa hivi kiwe mwilini na kifikiwe bila kutazama. Kinachotumika pale mambo yakiharibika kiwe mwilini pia, lakini chini ya mkoba. Kinachotumika baada ya uwindaji kibaki kwenye gari au kambini.

Mfyatuo wa pili ndio unaopanga mkoba

Asubuhi unaposhindilia mara ya kwanza una muda wote. Hata ukikosa kitu utarudi kukifuata. Mkoba haupangwi kwa ajili ya mfyatuo huo. Unapangwa kwa ajili ya ule wa pili, wakati mnyama amejeruhiwa, amesimama mita sabini mbele yako, moshi mweupe bado haujaondoka, na vidole vinatetemeka. Mnyama huyo anaumia kila sekunde unayotumia kutafuta kikopo cha fataki chini ya matambara. Hii ndiyo sababu ninalichukulia suala la mkoba kwa uzito. Starehe ya bega la mwindaji ni sehemu tu ya jambo lenyewe.

Kwa mfyatuo huo wa pili unahitaji vitu vitatu tu: baruti iliyokwisha kupimwa, risasi iliyokwisha kuvikwa, na kiwashio. Basi.

Baruti iliyopimwa hukaa katika vichupa vidogo vyenye kizibo, kimoja kwa mfyatuo mmoja. Wazo hili ni la kale. Wanajeshi wa Ulaya wa karne ya 16 na ya 17 walivaa mkanda begani wenye vichupa vya mbao vinavyoning'inia, mara nyingi kama 12, kila kimoja kikiwa na baruti ya mfyatuo mmoja. Upimaji wa mapema uliwasaidia. Kuning'iniza kukawaponza: vichupa viligongana na kupiga kelele, vilinaswa na vifaa vya jirani katika safu, na wakati ule bunduki nyingi ziliwashwa kwa utambi unaowaka, hivyo cheche moja ilitosha kumuunguza aliyevaa. Baadaye mikanda hiyo iliachwa, ikaja baruti iliyofungwa kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya kisanduku cha ngozi. Mwindaji wa leo achukue nusu ya kwanza ya somo hilo na kuiacha ya pili. Apime mapema, lakini vichupa vikae mfukoni au ndani ya mkoba, vimesimama, vimebanwa visigongane. Vitatu au vinne vinatosha siku nzima.

Risasi iliyovikwa hukaa kwenye kibao cha risasi. Ni kipande cha mbao ngumu chenye matundu matatu hadi sita. Kila tundu limebana risasi moja pamoja na kitambaa chake chenye mafuta. Ukitaka kushindilia, unaweka tundu juu ya mdomo wa kasiba na kusukuma. Kibao hiki chepesi kinaondoa mkobani mfuko wa risasi, kikopo cha mafuta, bunda la vitambaa na kisu cha kukatia. Vitu vinne vimegeuka kimoja. Tahadhari yake ni moja: mafuta yakikauka au matundu yakilegea, risasi hudondoka njiani bila wewe kujua. Kipapase kila unapopumzika. Usikiache kimejazwa msimu mzima pia, maana kitambaa kilichokaa na mafuta muda mrefu hudhoofika, na kitambaa dhaifu huungua kabla risasi haijatoka.

Kuhusu fataki, zile za kawaida za kuwindia zina upana wa milimita 4 hivi. Kidole chenye baridi hakiwezi kuokota kitu kama hicho kutoka kwenye kikopo. Chombo cha shaba chenye mfereji, kinachozipanga moja nyuma ya nyingine na kukuwezesha kuivika chuchuni moja kwa moja, kina thamani kuliko karibu kila kitu kingine unachoweza kununua. Kifungwe kwa kamba fupi kwenye mkanda wa mkoba, au kivaliwe shingoni ndani ya shati ili kisiyumbe.

Pembe moja au mbili?

Hapa ndipo mabishano huwa makali. Wenye gobore la gumegume huambiwa lazima wawe na pembe kubwa ya baruti ya kasibani na pembe ndogo ya baruti laini ya kisahani. Baruti laini huwaka upesi zaidi, hilo ni kweli. Lakini baruti nyeusi ya chembe ndogo ambayo wengi huitia kasibani huwaka vizuri kisahanini pia, na tofauti ya kasi ni ndogo mno kwa mwindaji kuihisi. Kwa mashindano ya shabaha sawa, beba mbili. Kwa kutembea porini siku nzima, pembe moja inatosha, na umejipunguzia ugwe mmoja shingoni.

Jambo la kuzingatia zaidi ni ukubwa wake. Pembe nyingi zinazouzwa hubeba kati ya robo na nusu kilo ya baruti. Nusu kilo ni mifyatuo 80 au zaidi. Hakuna siku ya uwindaji inayoihitaji. Pembe ndogo yenye gramu 60 inakupa mifyatuo kumi, nayo inalala kimya ubavuni. Ukiwa na vichupa vilivyopimwa, hata hiyo ni akiba tu.

Na hapa sina budi kusisitiza, kwa sababu kuna imani moja inayoumiza watu: kwamba ukiwa na haraka unaweza kumimina baruti kutoka kwenye pembe moja kwa moja hadi kasibani. Usifanye hivyo hata mara moja. Baada ya kufyatua, kipande cha kitambaa au masizi yanayofuka yanaweza kubaki chini ya kasiba. Baruti ya mfyatuo mmoja ikiwaka hapo, utaungua. Pembe nzima ikiwaka mkononi mwako, ni bomu. Mimina kwenye kipimo, funga kizibo cha pembe, ndipo umimine kutoka kwenye kipimo kwenda kasibani. Kizibo kifungwe kila mara kabla ya kufyatua pia, maana pembe inakaa karibu na moto wa gumegume. Kwa sababu hiyohiyo, fataki zisikae mfuko mmoja na baruti, wala mfuko mmoja na funguo na visu. Na baruti ya kisasa isiyo na moshi, ile ya kujazia maganda, isiingie mkobani mwako kabisa. Kwenye gobore ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake, inaweza kupasua kasiba.

Mkoba ukae wapi

Wengi wanaoumwa bega hununua mkanda mpana zaidi. Upana husaidia kidogo. Mkanda wa sentimita 3 hadi 4 unatosha. Kinachoumiza ni urefu. Mkoba unaoning'inia hadi pajani hupiga mguu kila hatua, huyumba ukiinama, na kila unapoyumba shingo hufanya kazi ya kuurudisha. Uinue mpaka ukingo wake wa juu uwe karibu na kiwiko, na sehemu ya chini isipite mfupa wa nyonga. Hapo kiwiko kinaweza kuubana unapokimbia au kuvuka mto, na mkono unaingia ndani bila bega kushuka. Mkanda uwe na bizimu ya kuurefusha, kwa sababu urefu unaofaa juu ya shati haufai juu ya koti zito.

Upande nao una sababu yake. Anayefyatua kwa bega la kulia hutua kitako cha bunduki kwenye bonde lililo kati ya kifua na bega la kulia. Mkanda wowote ukipita hapo, kitako kitateleza au kitakaa vibaya, na shabaha itaondoka. Kwa hiyo mkoba ukae upande wa kulia, mkanda ukipita bega la kushoto. Watu wengine hutundika pembe upande wa kushoto ili mizigo ilingane, wakasahau kwamba ugwe wake sasa unapita palepale kitako kinapotua. Kama pembe ni ndogo, haina uzito wa kulinganishwa na kitu. Itundike kulia juu ya mkoba, upinde wake ukifuata mbavu zako. Wa mkono wa kushoto wageuze yote.

Begi la mgongoni lina mikanda miwili na mmoja wao lazima ukae kwenye bonde hilohilo. Hakuna dawa kamili. Ninachopendekeza ni kuvaa mkoba kwanza, begi juu yake. Ukimwona mnyama na kuanza kumnyemelea, begi unalitua chini na mkoba unabaki mwilini. Ukivaa kinyume chake, utajikuta unavua vyote au unabaki na mzigo wote.

Halafu kuna mshipi wa kiunoni. Ukiufunga juu ya mkanda wa mkoba, pale nyuma ya kiuno, mkoba hauruki hata ukipiga magoti ghafla. Ni jambo dogo lenye faida kubwa kuliko mkoba mpya. Lakini usigeuze mshipi kuwa duka. Vifuko vitatu au vinne vya kiunoni huonekana nadhifu ukiwa umesimama. Ukiketi kusubiri chini ya mti, kimoja kitakuchoma nyonga na kingine kitakufunika mfuko wa suruali. Kifuko kimoja, mbele kidogo ya nyonga, kinatosha kwa anayewinda akiwa ameketi mahali pamoja. Kwa anayetembea, mkoba wa begani ni bora.

Kifuani pawekwe kitu kimoja tu. Mwenye darubini shingoni asiweke tena kibao, chombo cha fataki na filimbi. Vitagongana, na mnyama atakusikia kabla hujamwona.

Kisu nacho kina hadithi yake. Picha za wawindaji wa kale humwonyesha mwindaji na kisu kidogo kilichoshonwa kwenye mkanda wa mkoba kifuani, na watu huiga. Kinapendeza, lakini ukianguka mbele mpini unaweza kukupiga koo au taya, na ala ikilegea makali yako karibu na shingo. Ukitumia kibao cha risasi hukihitaji. Kisu cha kuchunia kiwe mshipini, ubavuni, katika ala ndefu inayokimeza hadi mpinini. Kisikae katikati ya mgongo; ukianguka chali utalalia chuma juu ya uti wa mgongo.

Dhana nyingine inayotokana na picha hizo ni kwamba wazee walibeba mikoba mikubwa. Mikoba ya kuwindia ya Amerika Kaskazini iliyosalia kutoka karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 mingi ni midogo, kama upana wa viganja viwili. Aliyesafiri miezi mingi milimani alikuwa na mfuko mwingine wa vitu vyake: sindano, tumbaku, vya kuwashia moto, nguo. Mifuko hiyo miwili imechanganywa katika mazungumzo ya leo, na matokeo yake ni mkoba mmoja mkubwa kupita kiasi. Mkoba mkubwa una tabia ya kujaa.

Vya dharura, na kelele

Chini ya mkoba, ndani ya kitambaa kimoja kilichokunjwa, weka skrubu ya kung'olea risasi inayofungwa ncha ya mdeki, sindano ya tundu la moto, na ama jiwe la akiba pamoja na bisibisi yake au ufunguo wa chuchu pamoja na chuchu moja. Skrubu ni ya lazima hata kwa mzoefu, kwa sababu kushindilia risasi na kusahau baruti kunawapata watu wote. Hakikisha inaingia kwenye uzi wa mdeki wako kabla ya siku ya safari. Vitambaa vitano vya kupitisha kasibani huzungushwa juu ya vyuma hivi, navyo huzuia kugongana. Risasi za akiba, tano hivi, zikae kwenye kifuko cha ngozi kilichofungwa mdomo kwa nguvu. Ndani ya bati zitalia kama njuga.

Mkoba wa namna hii, pamoja na pembe ndogo, haufiki kilo moja. Gobore lenyewe lina kilo 3 hadi 4 na nusu, na mengi ya kizamani hayana mkanda wa kubebea. Likikuchosha mikono, mkanda wa ngozi wa kufungia unaweza kuongezwa bila kutoboa mbao, lakini usiuache ukiyumba wakati wa kulenga. Unapopanda mwamba, kuvuka uzio au kuingia kwenye kibanda cha juu ya mti, toa fataki au mwaga baruti ya kisahani kwanza. Baadhi ya nchi huhesabu gobore kuwa limeshindiliwa hata kama kiwashio kimetolewa, nyingine hapana, hivyo ijue sheria ya mahali unapowinda.

Mvua ikija, mfuniko wa mkoba uwe mrefu wa kuufunika mdomo wote na kushuka hadi chini. Pembe yenye kizibo kilichokaza hailowani ndani. Kinacholowana ni kisahani na mtambo, na kifuniko cha ngozi kilichopakwa nta au shahamu, kikifungwa juu yake, hakina uzito wa kusemwa.

Kabla ya msimu, vaa kila kitu nyumbani, gobore likiwa tupu na pembe ikiwa haina baruti. Inama, piga magoti, lala kifudifudi, kimbia hatua ishirini, kisha inua bunduki begani. Fumba macho na utoe kibao, kichupa na kiwashio kwa mpangilio wa matumizi. Chochote kilichogonga, kilichoteleza au ulichokipapasa mara mbili kihamishwe. Chochote ambacho hukukigusa na hakimo kwenye fungu la dharura kitolewe.

Jioni ukirudi, mwaga vyote mezani. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kula chuma usiku huohuo, na vitambaa vichafu vilivyosahaulika mkobani huhamishia unyevu huo kwenye skrubu, sindano na bizimu. Tupa vitambaa, futa vyuma kwa mafuta, acha mkoba wazi ukauke mbali na moto, na baruti iliyobaki irudi kwenye chombo chake, ifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki.